Maji ya Saa Nane

Mashine ilikuwa inafanya kazi. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Othmar Kapinga tangu alipokanyaga chumbani. Mashine ya oksijeni inanguruma vizuri kando ya kitanda, taa yake ya kijani inawaka, mrija umefika puani, na mwenye pua amekufa.

Marehemu aliitwa Katarina, mjane wa miaka sabini na moja. Liuli nzima, pale ufukweni mwa ziwa, ilimjua. Kwa miaka thelathini alibanika samaki kwa moshi na kuwapandisha kwenda kuuza hadi Kitai. Moshi huo ulimsomesha mtoto wake wa kiume, na moshi huohuo ukaja kumla mapafu. Mwaka wa pili sasa alikuwa hapumui bila mashine.

Inspekta alikuwa Liuli tangu juzi kwa kesi ya injini ya boti iliyoibwa, ndiyo maana alifika upesi. Yeye ni mtu wa milimani, Mmatengo wa Mbinga, na mambo ya ziwani aliyajua kwa kuhadithiwa. Alikagua mlango. Haukuvunjwa. Alikagua shingo ya marehemu. Hakuna alama. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya bluu, na mkono mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda kwa nguvu. Mama wa watu hakufa usingizini, hilo halikuhitaji daktari.

Mwenzake, Koplo Natalia, alikuwa amesimama mlangoni akiandika. Sakafuni alikaa binti wa marehemu, Tadea, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyeacha ushonaji wake Songea kuja kumwuguza mama. Hakuwa analia. Inspekta aliliona hilo na kuliweka akilini.

"Ulitoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa nane na nusu hivi, afande."

"Ukarudi?"

"Saa kumi. Nikamkuta ameshapoa."

"Mashine ulipotoka?"

"Inawaka."

"Uliporudi?"

"Inawaka."

"Saa nzima na nusu ulikuwa wapi?"

Tadea aliangalia chini. "Sokoni. Nilifuata usipa."

Natalia aliinua macho kutoka kwenye daftari. Hakusema kitu mbele ya mfiwa, lakini walipotoka uani alimvuta afande wake pembeni. Yeye kazaliwa ufukweni. Alimwambia kwamba usipa, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa, gizani, na wiki hii mwezi ulikuwa mpevu. Hakuna chombo kilichoingia ziwani. Sokoni hapakuwa na usipa hata wa kumwonjesha paka, na kila mama wa Liuli alilijua hilo.

"Kwa hiyo amenidanganya," alisema Inspekta.

"Amekudanganya, afande. Sijui kwa nini. Hata mtoto wa huku asingesema uongo wa namna hiyo."

Kesho yake asubuhi mambo mawili yalikuja pamoja. La kwanza ni taarifa ya uchunguzi wa maiti. Daktari aliandika kwamba Katarina alikufa kwa kukosa hewa ya oksijeni, yapata saa tisa au tisa na nusu mchana. La pili lilikuwa gari aina ya pikapu kutoka Mbinga, na ndani yake Rodrick, mtoto wa kiume wa marehemu.

Rodrick alikuwa mtu wa kujitafutia. Alianza na kibanda cha betri na sabuni siku zile biashara zilipofunguliwa kwa kila mwenye nguvu zake, na sasa alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Mbinga. Mashine ya oksijeni aliinunua yeye. Umeme wa nyumba ya mama aliuingiza yeye, kutoka kampuni binafsi iliyojenga mtambo mdogo kwenye maporomoko ya mto, kule juu upande wa Kingerikiti. Na mita aliichagua yeye: mita janja, ile inayotuma habari kwenye simu ya mteja, ukaona nyumba inakula umeme kiasi gani kila dakika, hata kama uko mbali nayo kutwa nzima kwa gari.

Alimwonyesha Inspekta simu. Kulikuwa na mchoro wa mstari.

"Huu ni umeme wa mama jana," alisema, sauti inakwaruza. "Angalia hapa, afande. Saa nane na dakika hamsini na mbili mstari unaanguka mpaka chini kabisa. Saa tisa na dakika thelathini na nne unarudi. Dakika arobaini na mbili. Nani alizima? Nyumba ile ina watu wawili, na mmoja hawezi kuinuka kitandani."

"Unamtuhumu dada yako?"

"Simtuhumu. Mita ndiyo inayosema."

Akaendelea kueleza. Dada yake alikuwa amechoka kuuguza, alisema, na alikuwa na uchungu wa kuacha kazi yake mjini. Kisha akasema neno ambalo wazee wawili waliokuwapo pale kituoni walilisikia na kulitembeza mtaani kabla ya saa nne: kwamba maziko ni kesho saa nane, na aliyemuua mama yake hatatia udongo kwenye kaburi la mama yake.

Hapa lazima tuseme ukweli, Inspekta Kapinga alikosea, na alikosea vibaya. Alikuwa na kifo cha kukosa hewa, mstari ulioanguka, na mwanamke aliyedanganya. Vitatu hivyo vilimtosha. Alama za vidole kwenye swichi ya mashine zilikuwa za Tadea na za marehemu tu. Akamweka ndani.

Tadea hakubisha. Aliomba kitu kimoja.

"Afande, kesho nitoeni nikamzike. Baadaye mnirudishe mnifanye mnachotaka."

"Niambie ulikuwa wapi, nitakutoa sasa hivi."

"Sokoni."

"Sokoni hapakuwa na usipa."

"Basi nilikosa."

"Nani alikuona?"

Inspekta alipiga meza, akamwambia kwamba kosa la kuua kwa kukusudia si mchezo, na kwamba mtu asiye na hatia hujitetea. Tadea aliangalia mikono yake. Ilikuwa imechubuka kwenye viungo vya vidole, nyekundu, mikono ya mtu aliyesugua kitu kigumu kwa muda mrefu. Inspekta hakuiona. Natalia aliiona.

Natalia hakumwambia afande anakwenda wapi. Aliacha kofia yake kituoni, akajifunga kitenge juu ya sare na kwenda kwa jirani wa marehemu, bibi mmoja aitwaye Notburga, akaingia kwa mlango wa jikoni kama wanawake waingiavyo. Alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akamsaidia kuchambua mchicha wa watu wa msibani. Hakuuliza chochote kwa muda mrefu. Kisha akasema tu kwamba mikono ya Tadea imechubuka.

Bibi Notburga aliacha kuchambua. Akamwambia kwamba atalisema mara moja tu, na kwa mwanamke mwenzake tu, na likifika kwa wanaume asiulizwe tena.

Ukweli ulikuwa hivi. Tangu mvua za kwanza, Mama Katarina alikuwa hawezi kujizuia. Haja zote zilikuwa zinamtoka kitandani. Kila siku saa nane, baada ya chakula, Tadea alimwogesha kwa maji ya moto, akambadilisha shuka, akamlaza akiwa safi. Kisha alizifunga zile shuka chafu ndani ya beseni, akalifunika kwa kitenge, akapita njia ya nyuma hadi kwenye mawe ya mbali ufukweni, mahali ambapo watu hawafui, akazifua peke yake. Huyu Katarina alikuwa mama ambaye hakuna aliyewahi kumwona na kanga yenye doa. Alimwapisha bintiye kwamba mtu asijue, na hasa mtoto wake wa kiume asijue. Heri afe kuliko Rodrick aambiwe mama yako anajichafua.

"Na jana?" Natalia aliuliza.

"Jana nilimwona na beseni lake, mwanangu. Nikageuza uso, kama siku zote. Kitambo kidogo baadaye nikasikia redio ya Katarina imenyamaza, na yangu inaimba. Ile redio hainyamazi mchana. Nikasema amelala. Mungu anisamehe, nilisema amelala."

Natalia alirudi kituoni karibu anakimbia. Inspekta alimsikiliza akiwa amesimama, na alipofika kwenye redio, akakaa.

Alichukua karatasi ambayo ule mchoro wa Rodrick ulikuwa umenakiliwa, akaitazama tena, safari hii kwa aibu. Mtu akizima mashine, mashine ndiyo inayozimika. Redio inaendelea kuimba. Friji dogo la dawa linaendelea kunguruma. Mstari unashuka, ndiyo, lakini haufiki chini kabisa. Huu ulikuwa umefika sifuri. Nyumba nzima ilikuwa imekatika umeme, na jirani alikuwa nao. Inspekta alijitukana kwa Kimatengo, neno ambalo hapa hatutaliandika, akaagiza fundi wa kampuni ya umeme aitwe.

Fundi aliitwa Wendelin. Alishuka kwa pikipiki kutoka mtamboni, vumbi hadi kwenye kope. Alifungua mita ya Mama Katarina mbele ya askari wawili, akaiunganisha na kompyuta yake ndogo, na hakuchukua dakika tano.

"Haikuzimwa na mtu wa ndani," alisema. "Meni swichi haikuguswa. Mita yenyewe imefunga. Saa nane na hamsini na mbili imepokea amri ya kufunga, saa tisa na thelathini na nne imepokea amri ya kufungua."

"Amri kutoka mtamboni kwenu?"

"Hapana. Kutoka kwenye simu ya mteja. Mteja akitaka, tunamwekea uwezo huo. Mpangaji akimsumbua, au nyumba ikiwa haina mtu."

"Nyumba hii namba zilizosajiliwa ni ngapi?"

"Moja tu, afande."

Akaitaja. Natalia alikuwa ameiandika kwenye daftari lake tangu asubuhi, kwenye ukurasa wa maelezo ya mlalamikaji.

Inspekta alikuwa na swali moja la mwisho. Alitaka kuona siku zilizotangulia. Wendelin akamgeuzia kompyuta. Siku baada ya siku mstari ulikuwa unatambaa chini kwa utulivu, mashine, redio, friji, na kila ilipofika saa nane mchana uliruka juu ghafla kwa robo saa, kisha ukatulia.

"Hiki ni nini?"

"Kitu kinachochemsha. Pasi, au hita ya maji."

"Maji ya kuoga," alisema Natalia polepole. "Nyumba ile kuni haziwashwi. Moshi ungemuua."

Rodrick aliitwa kituoni asubuhi ya siku ya maziko. Alikuja na suti nyeusi na wasifu wa marehemu mfukoni, ameuandika mwenyewe. Alidhani anakuja kutia saini maelezo yake. Inspekta alimwonya kisheria kwamba halazimiki kusema lolote, na lolote atakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Uso wa Rodrick ulibadilika palepale.

"Juzi mchana ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu, Mbinga. Wafanyakazi wangu wote watanitolea ushahidi."

"Nakuamini. Simu yako ulikuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Hukumwazima mtu?"

"Hapana."

"Umefuta nini kwenye simu hii jana asubuhi kabla hujaja kunionyesha mchoro?"

Rodrick aliivuta simu karibu yake.

"Kampuni haikufuta, Rodrick. Amri mbili. Namba yako. Nisome saa zake, au unazijua?"

Rodrick alitazama mlango. Natalia alikuwa amesimama hapo. Akatazama meza. Kisha mabega yakamshuka na akaanza kusema bila kuulizwa, maneno yakifukuzana.

Alisema kwamba ilianza kama kitu cha kumtuliza roho. Yuko mbali na mama, anafungua simu, anaona mstari unatembea, anajua mama anapumua. Alikuwa akiutazama kabla ya kufungua duka na baada ya kulifunga. Kisha akaanza kuona ule mruko wa saa nane. Alimpigia dada yake. Tadea akamjibu ni chai tu. Chai ya robo saa, kila siku, saa ileile? Akauliza tena mara ya pili na ya tatu, na kila mara ni chai tu, kaka. Akajua anadanganywa, na kweli alikuwa anadanganywa, lakini akili yake ikaenda upande wake. Akaamua dada yake amefungua saluni ya nywele sebuleni, anapokea wateja, anageuza ugonjwa wa mama kuwa biashara kwa umeme wake yeye.

"Ukaamua kumkomesha."

"Nilitaka akiri. Basi. Umeme ukatike, akimbie kunipigia, nimwambie sema ukweli kwanza. Dakika mbili, tatu. Nilijua mama yuko kwenye mashine, afande, mimi si mwendawazimu. Dakika mbili tatu mama angevumilia."

"Hakukupigia."

"Hakunipigia. Nikasema ana kiburi, ngoja." Alijifuta uso kwa kiganja. "Akaja mteja. Mteja wa mabati, wa mabati mengi, anajenga Kitai. Nikatoka naye nyuma stoo tukachagua."

"Ukasahau."

Rodrick aliitikia kwa kichwa.

"Sema kwa mdomo wako. Iandikwe."

"Nikasahau," alisema. "Nilimsahau mama yangu nyuma ya mabati. Nilipokumbuka ilikuwa saa tisa na nusu imeshapita. Nikafungua. Nikaona mstari umerudi, mashine inafanya kazi, nikashukuru Mungu. Mstari unaonyesha mashine, afande. Hauonyeshi mtu."

"Na simu ya msiba ilipokuja?"

"Nilijua palepale."

"Ndipo ukaja kunionyesha dada yako."

"Ningemwambia nani? Mimi ndiye niliyenunua ile mashine. Watu wote wanajua ni mimi niliyeinunua."

Inspekta aliweka kalamu chini. Alikuwa na watoto, na alikuwa na mama pia, kule Mbinga, na siku hizo hakuwa amempigia muda mrefu. Alimweleza Rodrick, kwa maneno machache na bila kumhurumia, ule mruko wa saa nane ulikuwa nini. Alimweleza maji, shuka, beseni, na mawe ya ufukweni. Alimweleza kwamba dada yake alilala mahabusu usiku kucha akitishwa kitanzi kwa sababu hakutaka kulitamka hilo mbele ya mwanaume.

Rodrick aliinua uso. "Kwa nini hakuniambia? Ningeelewa. Angeniambia tu."

Natalia alimjibu kutoka mlangoni. "Mara tatu ulimpigia. Mara hizo tatu ulimwuliza habari za umeme. Ulimwuliza mama anaogaje?"

Walimfunga pingu. Ingekuwa kuua bila kukusudia, na zaidi ya hapo kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Kabla ya kumpeleka Mbinga aliomba akamzike mama yake. Inspekta alimwambia hilo haliamui yeye, akaenda kumfungulia Tadea mlango wa mahabusu, akamwomba radhi waziwazi mbele ya askari wote, akamweleza yote, na kumwuliza kama kaka yake aruhusiwe kuzika.

Tadea alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia hata hapo. Natalia alitaka kumgusa bega, asiguse.

"Aje," alisema mwishowe. "Mama angemtafuta yeye. Mimi alikuwa nami kila siku."

Saa nane mchana kaburi lilikuwa wazi. Rodrick alifunguliwa pingu kwa heshima ya marehemu, na askari mmoja wa nguo za kiraia akasimama nyuma yake. Natalia, aliyevaa sare, alisimama karibu na Tadea, kwa sababu Tadea alikuwa anayumba. Watu waliona walichokiona. Waliona kaka amevaa suti, na dada ametoka mahabusu na polisi ubavuni.

Katekista alisoma wasifu wa marehemu aliokabidhiwa na Rodrick, kama ulivyoandikwa. Alisoma habari za samaki na moshi na Kitai. Akafika kwenye ugonjwa, akasoma kwamba familia inamshukuru kwa namna ya pekee mtoto wake Rodrick, aliyemnunulia mama mashine ya kupumulia na kumwekea umeme, akamtunza hadi pumzi ya mwisho. Watu wakaitikia kwa kichwa. Jina la Tadea halikuwamo. Mwanamke mmoja wa mstari wa pili aliguna, akageuka, akatema mate chini kuelekea alipokuwa Tadea, na hakuna aliyemkemea.

Inspekta Kapinga alikuwa amevumilia vya kutosha. Alianza kupenya katikati ya watu kwenda mbele, amekunja uso, amevua kofia. Tadea alimkamata mkono wa shati.

"Unakwenda wapi, afande?"

"Kuwaambia ukweli. Wanakutemea mate."

"Utaanzia wapi?"

Inspekta alifungua mdomo. Aliutafuta mwanzo wa maelezo ambao haukupitia kwenye maji ya saa nane, na kwa nini maji, na kwa nini kila siku. Aliutafuta akiwa amesimama pale mbele ya kaburi, mtu mwenye miaka ishirini na mbili kazini, na hakuupata.

"Mahakamani itabidi isemwe?" Tadea aliuliza.

"Itabidi. Bila hiyo hakuna kesi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Tadea alitazama jeneza likishushwa. Ndipo machozi yalipomtoka, kwa mara ya kwanza tangu juzi, na hakuyafuta.

"Basi huko ni huko," alisema. "Leo azikwe safi. Waache waniseme mimi."

Akamwachia shati, akainama, akachota udongo.